FUNZA WA KIOTANI

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze kwa muda wa dakika 30 juu ya "jambo lolote lenye manufaa kwa vijana". Kwa desturi ya mikutano yetu, anayesimama hapa husimulia jinsi tulivyokula ugali na maharage yenye wadudu, na jinsi tulivyofaulu mitihani licha ya hayo. Habari hizo mmekwisha kuzisikia, na wadudu wa maharage nyinyi vijana mnawafahamu kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua mdudu mwingine. Nitazungumza juu ya inzi ambaye watoto wake hunywa damu ya makinda ya ndege, na juu ya deni ambalo inzi huyo aliniachia katika bweni la shule hii mwaka 1996.

Najua kwamba hapa Unyamwezi ukitaja inzi, kila mtu humfikiria mbung'o. Ni haki yake. Mbung'o ndiye aliyesababisha wazee wetu wakusanywe kwenye makazi mapya enzi ya Mwingereza kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na ndiye aliyewanyima ng'ombe watu wa sehemu kubwa za misitu yetu ya miombo. Mtu aliyeongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga, Bwana Swynnerton, ambaye alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alikuwa pia mpenzi mkubwa wa ndege wa porini. Yupo ndege mdogo wa milima ya Usambara na Udzungwa anayeitwa kwa jina lake mpaka leo. Jambo hilo hunichekesha kidogo. Mtu mmoja aliyajua mambo ya inzi na aliyajua mambo ya ndege, lakini vitabu vya mbung'o vikajaa kabati zima, na vya inzi wanaokula ndege vikabaki vyembamba mno.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mtaa ambao wengi wenu mlikuwa mkiupita Jumamosi kwa ruhusa na Jumapili bila ruhusa. Nyumbani tulifuga njiwa, na elimu yangu ya kwanza ya inzi wa ndege niliipata kwenye tundu la njiwa, si darasani. Ukimshika kinda wa njiwa aliyeanza kuota manyoya, mara nyingi utaona kitu bapa kikipenya chini ya mbawa, kinakimbia kwa ubavu kama kaa wa pwani. Ukikibana kwa vidole hakipasuki, maana kimeumbwa hivyo hivyo kilivyo, bapa na kigumu. Huyo ni inzi kamili, ana mbawa, lakini maisha yake yote huyamalizia manyoyani akinyonya damu. Jike lake halitagi mayai. Humlea funza mmoja tumboni mpaka akomae, kisha humzaa, sawasawa na afanyavyo mbung'o, kwa kuwa hao wawili ni watu wa ukoo mmoja. Tena kama mbung'o, hubeba ugonjwa: mwaka 1906 ndugu wawili wa Kifaransa waitwao Sergent walionyesha huko Algeria kwamba inzi huyu ndiye anayewaambukiza njiwa kijidudu cha damu kinachofanana na kile cha malaria.

Baba yangu hakuwajua akina Sergent. Yeye alipoona inzi wamezidi, aliziondoa nyasi zote za tundu, akazichoma moto, akatandika majani makavu ya tumbaku. Mambo hayo mawili, yaani nyasi za chini na majani ya tumbaku, naomba myaweke akilini. Mimi mwenyewe niliyaona mara nyingi, na nilipoyahitaji sikuyakumbuka.

Sasa nije kwenye bweni.

Novemba mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu, kiranja wa bweni, na katibu wa klabu ya Bayolojia. Vyeo viwili kwa mvulana wa miaka 16 ni vingi, wazee mnafahamu. Mbao za upenuni zilikuwa zimeoza, na shomoro wakajenga juu kidogo ya kitanda changu, kile cha juu. Nikisimama juu ya godoro niliweza kuchungulia ndani ya kiota bila kukigusa. Nikafungua daftari. Niliandika mayai manne, na baada ya wiki mbili hivi nikaandika makinda wanne, uchi, vipofu, midomo ya njano wazi wakati wote. Bweni zima likawa na mazoea ya kuuliza habari zao kabla ya kengele ya asubuhi. Hata wale waliokuwa wakilalamika kwamba shomoro wanawachafulia mashuka walianza kuuliza.

Siku ya tano kinda mmoja alikufa. Nilimtoa nikamtazama mwangani. Alikuwa mwepesi, amepauka kama karatasi, na tumboni na chini ya mbawa alikuwa na vidonda vidogo vidogo, kila kimoja kama alama ya ncha ya sindano. Siku ya saba walikufa wawili. Siku ya tisa akafa wa nne. Mama yao aliendelea kuleta panzi siku nzima ile, akawa anaingia na kutoka.

Katika bweni letu alikuwapo mwenzetu mmoja kutoka vijiji vya upande wa Sikonge. Alikuwa amekwisha kunyang'anywa manati mwanzoni mwa muhula. Tulipopekua tranka lake tulikuta sindano na uzi. Mimi nikajumlisha: manati, sindano, vidonda. Nikaandika taarifa kwa mwandiko wangu mzuri, nikaipeleka. Mwenzetu akapigwa fimbo, akang'oa kisiki, akarudishwa nyumbani wiki mbili, na katika wiki hizo mbili akakosa mitihani ya kufunga mwaka. Jina la "Muua Ndege" likamganda mpaka Kidato cha Nne. Walimu walioamua waliamua kwa karatasi niliyowapa mimi, na sina neno juu yao.

Kabla ya taarifa ile kufika ofisini, aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Kiranja, wewe unatazama makinda. Tazama kitanda chao." Akaeleza kwamba bibi yake, vifaranga wa kuku wakinyong'onyea, hahangaiki na vifaranga, hufunua nyasi walizolalia. Nilimjibu asinifundishe.

Kisha nikafanya kosa jingine, na hili ni la mwanasayansi. Nilikivuta kiota chini ili upenu uwe safi. Kati ya nyasi na manyoya ya chini kabisa kulikuwa na vifuko vyeupe, kama povu lililoganda, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko punje ya mpunga. Nilipokibonyeza kimoja, ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia. Nikasema moyoni, mayai ya buibui. Nikafagia vyote nikatupa shimoni. Maana yake ni kwamba ushahidi wa kesi niliutupa kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikaenda kutoa ushahidi.

Miaka sita baadaye nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maktabani, nikitafuta habari za inzi wa mbogamboga kwa ajili ya zoezi. Nikafungua ukurasa usio wangu, nikakuta kiota changu kimeelezwa. Makinda waliopauka. Vidonda kama vya sindano. Funza wanaojificha chini ya kiota mchana. Na pupa, ile hatua tuliyofundishwa shule ya msingi, ikiwa ndani ya kifuko cheupe cha povu lililokauka, jambo ambalo si la kawaida kwa jamaa za inzi. Jina lake la kitaalamu ni Passeromyia, yaani, kwa tafsiri, inzi wa shomoro. Ndugu zangu, nilikifunga kitabu kile, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Huyu inzi wetu anapatikana Afrika na nchi za joto za Asia, na hakuna aliyemleta, ni mwenyeji. Mwaka 1916 wataalamu wawili wa Kibelgiji, Rodhain na Bequaert, waliandika habari zake kutoka Kongo. Inzi mkubwa hana makosa yoyote ya kumshitaki. Hang'ati ndege wala mtu. Hutaga kwenye takataka za kiota. Wanaonyonya ni watoto wake. Funza hutoka chini, hujishikiza kwenye ngozi ya kinda asiye na manyoya, hutoboa, hunywa, hushiba, hurudi chini. Mtu anayechungulia kiota kwa juu, kama nilivyochungulia mimi kila asubuhi nikiwa na kalamu, anaweza kuandika daftari zima bila kumwona hata mmoja.

Wazee waliopo hapa wanaweza kumwelewa kwa haraka zaidi, kwa sababu binadamu naye ana funza wa aina hiyo. Yupo funza wa sakafuni, ambaye Dutton, Todd na Christy walimweleza kutoka Kongo mwaka 1904. Hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, usiku hutoka, humnyonya mtu aliyelala mkekani, alfajiri hurudi ufani. Hawezi kupanda kitanda. Aliyelala juu ya kitanda chenye miguu amesalimika, na aliyelala chini ndiye chakula. Wapagazi waliopita hapa kwa maelfu kati ya pwani na Ujiji walilala chini. Ndiyo maana nasema bibi wa mwenzetu wa Sikonge alikuwa na elimu kamili: ukitaka kujua kinachomla mtoto, tazama alipolalia.

Hapa niwape vijana tahadhari ya lugha. Neno "funza" katika Kiswahili hubeba viumbe wawili tofauti. Yupo huyu, mtoto wa inzi. Na yupo yule wa vidole vya miguu, ambaye ni jamaa ya kiroboto. Nawataja pamoja kwa sababu yule wa vidoleni ana historia inayopita mlangoni petu, na bila historia hiyo hamtaielewa hatari ninayotaka kuieleza.

Funza wa vidoleni si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, ikafika Ambriz katika Angola, na katika mchanga ule, au miguuni mwa mabaharia, wakashuka funza. Wakaingia barani kwa njia za misafara, kutoka mguu hadi mguu. Kabla karne ile haijaisha walikuwa wamelivuka bara zima na kufika pwani yetu na Unguja. Watu walikuwa hawawajui, hawakuwa na desturi ya kuwatoa kwa sindano, na wengi walipoteza vidole, wengine maisha. Barabara ile ile iliyoleta chumvi, nguo na miembe, ambayo wazee husema ilipandwa na misafara, ilipitisha pia mdudu. Hakulipa ushuru wala hakuonyesha hati. Nalisema hili kwa uchungu wa kikazi, kwa kuwa Serikali inanilipa mshahara kukagua matunda na mimea inayovuka mipaka. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya na kwetu, na mnajua embe la Tabora leo likoje ndani. Tulimwona alipokwisha kuingia.

Sasa fikirini inzi wa kiotani akisafiri kwa namna hiyo mpaka mahali ambapo ndege hawajapata kumwona. Jambo hilo limekwisha kutokea. Katika bahari ya Pasifiki, mbali na pwani ya Ekuador, kuna visiwa vya Galápagos, vile alivyovitembelea Charles Darwin mwaka 1835 na ambavyo mnavisoma kwenye somo la mabadiliko ya viumbe. Kuna inzi aitwaye Philornis, ambaye kwao ni bara la Amerika. Mkubwa hula matunda yaliyooza na maji matamu ya maua. Watoto wake hufanya kama watoto wa inzi wetu. Inzi hao walikwisha kunaswa visiwani mwaka 1964, lakini ni mwaka 1997 ndipo watafiti walipofungua viota na kuona kazi yake. Katikati hapo ilipita miaka 33, na kila kinda aliyekufa aliandikiwa sababu nyingine: njaa, mvua, panya. Mimi siwacheki. Mimi niliandika sindano.

Funza wa kule wakiwa wadogo huingia hata kwenye matundu ya pua ya kinda, na ndege anayesalimika hukua na mdomo wenye pua iliyotanuka, ulioharibika. Wakikua huhamia chini ya kiota na kutoka usiku. Kuna miaka ambapo katika sehemu nyingine makinda wote wa msimu walikufa. Ndege mmoja wa jamii hiyo, anayeishi kwenye mikoko ya kisiwa cha Isabela, amebaki kiasi cha 100 tu duniani. Hebu linganisheni na idadi ya watu waliomo bwaloni humu. Watafiti hupanda juu ya mikoko na kuingiza dawa ya wadudu kwenye kiota kimoja kimoja, na kuanzia mwaka 2014 walichukua mayai na makinda wakawalea kwa mkono, kisha wakawarudisha porini. Wengine waliweka pamba yenye dawa mahali ambapo ndege wangeiona. Ndege wakaichukua wenyewe kujengea, na funza wakapungua. Wapo pia wanaochunguza nyigu mdogo wa huko bara ambaye hula pupa za inzi huyo. Wanamchunguza kwa miaka mingi kabla ya kumwachia, na wana haki, kwa sababu kumleta mgeni amwondoe mgeni ni jambo ambalo watu wa pwani wanaweza kuwaeleza vizuri. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 asafishe takataka, na leo anakula makinda ya ndege wengine mpaka bara.

Mtaniuliza: je, kwetu ambako inzi ni mwenyeji, kuna shida gani? Shomoro wapo, inzi wapo, wamezoeana tangu zamani. Mwaka mmoja kiota hiki hupoteza wanne, kile huruka watatu, na shomoro hajapungua. Nami kwa miaka mingi nilijibu hivyo hivyo, tena kwa kujiamini. Kisha nikasoma habari za Tasmania.

Tasmania ni kisiwa kikubwa kusini mwa Australia. Huko yupo inzi wa ukoo ule ule wa Passeromyia, ndugu kabisa wa yule wa bweni letu, na ni mwenyeji wa pale. Yupo pia ndege mdogo mwenye madoa meupe mbawani anayetegemea aina moja ya mti, mkalitusi mweupe wa kwao. Miti ile ilikatwa kwa ajili ya mashamba na malisho. Ndege akabaki kwenye vipande vichache vya msitu, na inzi ambaye zamani alikuwa kero sasa anamaliza makinda karibu wote. Watafiti waliwawekea ndege hao manyoya ya kuku yaliyotiwa dawa, wakayatandika wenyewe viotani: makinda waliosalimika walikuwa 95 katika kila 100, na katika viota visivyo na dawa walikuwa 8 tu. Inzi ni yule yule, mwenyeji. Kilichobadilika ni idadi ya miti.

Nadhani mnaona ninakoelekea. Miombo ya Tabora inakatwa, na mtu hahitaji shahada kuliona hilo. Asimame tu barabarani ahesabu malori ya kuni na baiskeli za mkaa. Kuni nyingi zinakaushia tumbaku, na tumbaku imetusomesha, mimi nikiwamo, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu. Ila yuko ndege anayeitwa keremkerem wa Böhm, kwa jina la Mjerumani aliyekaa Kakoma, kusini ya mji huu, mwanzoni mwa miaka ya 1880, na wapo ndege wengine wa miombo ambao hawawezi kuhamia upenuni mwa bweni kama shomoro. Shomoro akikosa mti hukimbilia kwetu. Wao watabaki na vipande vya msitu.

Nirudi kwenye tumbaku ya baba yangu, maana niliahidi. Mwaka 2013 ilichapishwa habari kutoka jiji la Mexico kwamba shomoro wa mjini huokota vichungi vya sigara zilizovutwa na kuvitandika viotani, na kwamba kiota chenye vichungi vingi kina wadudu wachache. Niliposoma nilicheka peke yangu ofisini. Shomoro wa Mexico na mzee wa Ng'ambo walifikia jibu moja. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sumu ile ya sigara huwadhuru makinda wenyewe katika chembechembe za damu yao. Kwa hiyo dawa ni dawa, na kinda ni kinda, na anayetia dawa ajue anachokifanya.

Nalisema hili kwa sababu maalumu. Wanakamati, mniwie radhi. Katika mpango wa ukarabati wa mabweni, ambao mchango wangu nimekwisha kuutoa na stakabadhi ninayo, upo mstari unaosema "kuondoa viota vyote na kupulizia dawa upenuni". Naunga mkono mbao mpya. Vijana hawawezi kulala chini ya mbao zilizooza kwa ajili ya mapenzi yangu ya ndege. Siungi mkono dawa. Kule Galápagos wanatia dawa kwenye viota kwa sababu ndege wamebaki 100, na wanaitia kwa mkono kiota kimoja kimoja. Hapa itapuliziwa juu ya vitanda 40, kwa ajili ya mdudu asiyemgusa mwanafunzi hata mmoja. Najua yupo atakayesema: huyu ni mtumishi wa Serikali ile ile inayowapulizia kwelea kwelea sumu kwa ndege za angani, leo analilia shomoro. Ni kweli. Kwelea kwelea anamaliza uwele na mpunga wa mkulima. Shomoro wa upenuni anamaliza nini? Ninachoomba ni fundi asubiri makinda waliomo sasa waruke, kisha kabla ya mvua za Novemba aanze kazi, na viota vitakavyotolewa visiende shimoni. Vipelekwe maabara.

Lililobaki ni la kwangu binafsi. Mwenzetu wa Sikonge nilimtafuta, nikampata mwaka 2011. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilimweleza yote: inzi, povu, kitabu cha Mlimani. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza. Akaniuliza swali moja tu: "Ile taarifa ya kwanza uliiandika ukaipeleka kwa Mkuu wa Shule. Ya pili umeiandika?"

Sikuwa nimeiandika. Nilirudi Dar es Salaam nikasema nitaiandika, nikapandishwa cheo, nikahamishwa, nikaoa, nikazika wazazi. Mnajua jinsi miaka inavyokwenda. Basi, Mkuu wa Shule, ingawa wewe siye uliyekuwapo, naomba uipokee leo. Mwanafunzi yule hakuua ndege. Aliyoyasema juu ya kiota yalikuwa sahihi, na aliyemshitaki hakutazama mahali alipoonyeshwa. Nimeiandika, nimetia sahihi, ipo ndani ya bahasha hii. Jina lake lipo humo barua inamohifadhiwa; gazetini ameniomba lisitajwe, ila ameruhusu mengine yote. Nilimwalika aje leo. Alijibu kwamba ana vipindi.

Nanyi vijana wa klabu ya Bayolojia, nimewaletea lenzi sita za mkono, chupa ndogo za kioo 50 na daftari moja gumu. Kazi yenyewe ni rahisi: makinda wakisharuka, chukueni kiota, kikung'uteni juu ya karatasi nyeupe, hesabuni vifuko vya povu, andikeni tarehe, mahali na aina ya ndege. Msiguse kiota chenye makinda. Vifuko vingine viwekeni chupani na kitambaa mdomoni, muone nani atatoka.

Daftari nimelikabidhi kwa mwalimu wenu asubuhi hii. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi, kwa kadiri ninavyokumbuka: shomoro, upenu wa bweni, Novemba 1996, mayai manne, makinda wanne, hakuna aliyeruka, vifuko vya povu vilikuwamo, havikuhesabiwa.